Jani Nalo Lina Hesabu ya Kutoa

Mahindi yakishavunwa Soin, kwenye mteremko wa Kericho unaoangalia bonde la Nyando, kazi ya kuyalinda ndiyo kwanza inaanza. Huku chini joto limezidi lile la nchi ya chai kule juu, na joto ni rafiki wa mdudu. Fukusi jike hutoboa punje kwa mdomo wake mrefu, hutaga yai ndani ya tundu, kisha huliziba kwa ute unaokauka, hata uitazame punje hiyo mkononi huoni kasoro. Buu huila kutoka ndani, na baada ya wiki tano hivi hutoka mdudu kamili aliye tayari kuanza upya. Mwenye gunia hushtukia unga sakafuni. Njia zake za kujikinga si nyingi: vumbi la dawa kutoka agrovet, gunia lisilopitisha hewa, au vitu vinavyopatikana nyumbani na ukingoni mwa shamba, kama majani ya mwarobaini, kivumbasi, pilipili kavu na majivu. Ni kuhusu hivi vya mwisho ambapo watu husema neno linalopita bila kuulizwa: kwamba jani halina hatia. Limeota lenyewe, mpanzi wake ni Mungu, wazee walilitumia, basi la kuhojiwa ni la kiwandani tu.

Silikubali neno hilo, na sababu yangu haitokani na dharau kwa majani. Mtu anayechanganya kitu chochote na nafaka itakayoliwa anaingia deni kwa mlaji, na deni hilo halipungui kwa kuwa kitu chenyewe kimechumwa badala ya kununuliwa. Mlaji ana maswali matatu ya haki: nimewekewa nini, kiasi gani, na nguvu yake inakwisha lini? Anayeweza kuyajibu kwa ukweli amefanya kazi yake, hata kama alichotia ni sumu, maana dawa ya wadudu isiyo sumu kwa mdudu haina kazi. Asiyeweza kuyajibu amebahatisha kwa tumbo la mwingine, iwe dawa yake ilivuka bahari au aliichuma nyuma ya choo. Mahali sumu ilipotoka hapamtoi mtu katika deni hili. Nalichukulia jambo hili kuwa la kidini na la kifalsafa kabla halijawa la kemia, kwa sababu kinachotetewa mtu anaposema jani halina hatia ni imani fulani kuhusu uumbaji.

Imani hiyo ina mizizi ya heshima. Wakristo wa Kericho na Bomet wataanzia kitabu cha Mwanzo, ambamo binadamu anapewa mimea itoayo mbegu iwe chakula chake. Mkatoliki ataongeza Yoshua bin Sira, anayefundisha kwamba dawa zimeumbwa na Bwana kutoka ardhini na mwenye akili hazikatai. Mkipsigis wa zamani aliyesali mbele ya mabwaita, altari ya nyumbani iliyowekwa upande wa macheo, asingeona cha kubishia hapo. Lakini Biblia hiyohiyo ina kisa ambacho watetezi wa majani hawapendi kukikumbuka, nacho kimo katika Wafalme wa Pili, sura ya nne. Kuna njaa Gilgali. Mmoja wa wanafunzi wa manabii anatoka kwenda porini, anakuta mtango-mwitu, anachuma matango yake hata nguo ikajaa na kuyakatia chunguni bila kuyajua. Watu wanaonja na kupiga kelele kwamba chungu kina mauti. Elisha hamkaripii mchumaji, wala hawatulizi walaji kwa kuwaambia kwamba kilichoota porini kwa amri ya Mungu hakiwezi kuua. Anakubali kwamba chungu kimeharibika, kisha anakitengeneza. Nia ya mchumaji ilikuwa njema na mmea ulikuwa kazi ya Muumba. Hayo mawili hayakukisafisha chakula. Kisa chenyewe kinaweka kosa mahali pamoja tu, nalo ni kutojua.

Tukiuacha uwanja wa maandiko na kurudi ghalani, ushahidi ni mkali zaidi. Sumu iliyoua Wakenya wengi zaidi kwa njia ya mahindi katika tukio moja haikutengenezwa na kiwanda chochote. Mwaka 2004, Makueni, Kitui na wilaya za jirani, watu 317 waliugua kwa kula mahindi yaliyohifadhiwa yakiwa na unyevu, na 125 kati yao walikufa. Kilichowaua ni sumukuvu, inayotolewa na ukungu uitwao Aspergillus flavus, kiumbe wa udongoni ambaye yuko karibu kila mahali mahindi yalipo. Hakuna kitu cha asili kuliko hicho. Tena mdudu humfungulia mlango: punje iliyotobolewa imepoteza ngozi iliyokuwa ikizuia ukungu kuingia, na wadudu wakiwa wengi pumzi zao huongeza joto na unyevu ndani ya gunia. Kwa hiyo hata yule anayesema hatatia chochote, atamwachia Mungu, hajajitoa katika hesabu. Kuacha kutia ni uamuzi pia, na walaji wake ni walewale.

Sasa tulitazame jani lenyewe. Utupa ni mti mdogo wenye majani laini unaojulikana Afrika Mashariki nzima, na sifa yake ya kwanza ni kuua samaki: majani hupondwa, yakatupwa mtoni, samaki wakaelea. Ndani yake kuna kundi la kemikali ambalo maarufu wake ni rotenoni, inayozuia chembe hai zisipate nguvu kutokana na hewa wanayovuta viumbe. Hiyo ndiyo sababu huua fukusi. Mwaka 2000 watafiti wa Marekani walichapisha matokeo ya panya waliotiwa rotenoni mwilini mfululizo, wakaonyesha dalili zinazofanana na ugonjwa wa Parkinson. Na mwaka 2011 uchunguzi mwingine wa Marekani, uliofanywa kati ya watu waliotumia dawa za mashambani kazini, ulikuta ugonjwa huo ukiwapata zaidi waliokuwa wametumia rotenoni. Umoja wa Ulaya umekwisha kuiondoa katika dawa za kilimo. Haki inanilazimisha niseme kwamba panya kutiwa sumu moja kwa moja kwenye damu si sawa na mtu kula ugali wa mahindi yaliyopepetwa na kuoshwa. Lakini haki hiyohiyo inamlazimisha mwenzangu aache kusema kwamba utupa hauna neno kwa kuwa ni mti.

Hapa huja jibu ambalo ndilo bora kati ya yote ninayoyasikia: sumu za mimea hazikai. Jua na hewa huzivunja, ndiyo maana hazituachii mabaki kama yale ya kiwandani. Ni kweli shambani. Ghalani kuna giza, na giza huondoa sehemu kubwa ya sababu ya kuvunjika kwake. Sifa iliyopatikana juani haiwezi kuhamishiwa ndani ya gunia bila kupimwa upya. Tena tuseme inavunjika kweli, upesi kama tunavyotaka. Basi siku ileile ambayo mlaji anakuwa salama, mahindi nayo yanakuwa wazi kwa fukusi. Mtu hawezi kulisifu jani lake mwezi wa tatu kwamba bado linalinda na mwezi huohuo kulisifu kwamba limekwisha. Lazima ajue tarehe ya mpito, hata kwa kukadiria, na kadirio hilo ndilo jibu la swali la tatu la mlaji. Kwa dawa za harufu, kama kivumbasi na ndugu zake, tarehe hiyo huja mapema, kwa sababu harufu inayotufurahisha pua ndiyo dawa yenyewe ikiondoka.

Anayedhani kuna ukuta kati ya jani na kiwanda na akumbuke pareto, zao ambalo watu wa nyanda za juu za Bonde la Ufa hawahitaji kuelezwa. Kenya ilikaa miaka mingi ikiongoza dunia kwa kuuza sumu iliyomo katika ua hilo jeupe, na Halmashauri ya Pareto pale Nakuru ilijulikana kila kijiji kilichokausha maua. Wanakemia waliichunguza sumu hiyo wakaiga umbo lake, wakitafuta ya namna hiyo ambayo jua haliivunji upesi. Mwaka 1973 Michael Elliott na wenzake wa Rothamsted, Uingereza, walitangaza permethrini. Permethrini ikaja kuwa mojawapo ya sumu mbili zilizomo katika vumbi la Actellic Super ambalo mkulima wa Soin amekuwa akilinunua, nayo iliwekwa humo hasa kwa ajili ya dumuzi, mdudu wa Amerika ya Kati aliyeonekana Tanzania mwanzoni mwa miaka ya 1980 na kuingia Kenya kupitia Taveta mwaka 1983. Ile nyingine, pirimifosi-methili, humweza fukusi vizuri lakini dumuzi humsumbua. Ukiuliza sumu ipi kati ya ua na mwigo wake ni ya haki zaidi, utakuta huna la kushika mpaka uulize kiasi na muda. Maswali yanarudi palepale.

Kuna pingamizi la wazee, nalo nalipa nafasi kubwa kwa sababu ndilo linalowashika watu wengi: vizazi vilitumia majani na majivu, na sisi tupo. Kwanza, tuulize walilinda nini. Chakula cha ghala la Mkipsigis wa kale kilikuwa wimbi kuliko kitu kingine chochote. Punje ya wimbi ni ndogo kiasi kwamba fukusi hana nafasi ya kukuzia mtoto wake humo, na wimbi likikauka vizuri hukaa miaka. Mahindi yaliitawala nchi hii katika karne ya 20, soko lake likichochewa na vibarua wa mashamba ya chai yaliyoanza kufunguliwa Kericho katikati ya miaka ya 1920 na kampuni kama Brooke Bond. Dumuzi amekuja juzi. Mwenye kusema kwamba wazee wamelipima jani hili dhidi ya mdudu huyu katika nafaka hii anawabebesha wazee ushahidi ambao hawakuutoa. Pili, ushuhuda wa kwamba tupo ni ushuhuda wa waliosalia. Madhara ya mtu mmoja mmoja, yanayokuja pole pole baada ya miaka 30, hayaonekani kwa macho ya kijiji. Yanaonekana kwa daftari.

Marehemu Profesa Henry Odera Oruka wa Chuo Kikuu cha Nairobi alitumia miaka mingi akihojiana na wenye hekima vijijini, na katika kitabu chake cha 1990 juu ya falsafa ya wahenga alitofautisha wazee wa namna mbili. Yuko anayeijua mila ya watu wake barabara na kuieleza vizuri. Na yuko anayeijua vilevile, kisha akaipima kwa akili yake, akakubali hili na kulikataa lile kwa sababu anazoweza kuzitaja. Wote wawili Oruka aliwaheshimu, lakini ni wa pili aliyemwita mwanafalsafa. Naona anayelitetea jani kwa jina la wazee huwa amemchagua mzee wa kwanza na kumsahau wa pili. Chukua senetwet, mti ambao makaa yake hupakwa ndani ya kibuyu ili maziwa ya mursik yakae na yapate ladha ile. Ni ufundi wa kujivunia, nami sioni aibu kuusifu. Hata hivyo hospitali ya Tenwek, Bomet, imewatibu kwa miongo wagonjwa wengi mno wa saratani ya umio, wakiwemo vijana, na mwaka 2013 ulichapishwa utafiti uliokuta asetaldehidi ndani ya mursik, kemikali inayoshukiwa katika saratani hiyo. Utafiti huo haukuihukumu mursik. Uliileta mbele ya maswali. Mzee wa Oruka angevuta kiti asikilize. Kuliuliza swali jambo la mila ni kulitendea kama jambo la watu wazima.

Kuna tatizo jingine ambalo hekima ya mdomo peke yake hailitatui. Huko Malawi watafiti walipokusanya utupa kutoka mashamba ya wakulima waliligundua jambo la kushangaza: kuna aina mbili za mti huohuo, zinazofanana kwa jani, ua na jina, na moja haina kabisa zile sumu za jamii ya rotenoni. Baadhi ya wakulima walikuwa wamepanda hiyo isiyo na nguvu, wakiitunza na kuitumia kwa uaminifu. Ni bure kumwambia mlaji kwamba mahindi yake yamewekewa utupa kama mwenye kuweka hajui ni utupa upi. Hata swali la kwanza, nimewekewa nini, halijajibiwa. Na swali la kiasi ni gumu zaidi. Kipimo cha vumbi la dukani ni gramu 50 kwa gunia la kilo 90. Majaribio ya majani makavu hutumia mara nyingi kati ya asilimia 1 na 5 ya uzito wa nafaka, maana yake kilo moja kasoro kidogo hadi kilo nne na nusu kwa gunia hilohilo. Nani ameyakausha kivulini kiasi hicho, akayasaga, akayapima? Kiganja cha mama mmoja si cha mwingine, na jani la kiangazi si la masika.

Nisije nikaonekana wakili wa agrovet. Kiwanda kimejibu maswali matatu kwenye karatasi ya pakiti kwa sababu sheria imekilazimisha. Kenya ina Bodi ya Kudhibiti Bidhaa za Kuua Wadudu chini ya sheria ya mwaka 1982, na dawa isiyosajiliwa haitakiwi kuuzwa. Lakini maandishi madogo ya Kiingereza kwenye pakiti ni jibu alilopewa mtu asiyeweza kulisoma. Dawa bandia zipo. Wapo wanaomimina ghalani dawa iliyokusudiwa kabichi, wapo wanaozidisha kipimo kwa kuwa cha mwaka jana hakikufanya kazi, na wapo wanaotia leo na kusaga kesho. Mtu wa namna hiyo ananyimwa udhuru na kanuni ileile ninayolinyima jani. Tofauti moja tu nitaishikilia: pakiti inaweza kushtakiwa. Kuna jina juu yake, kuna namba, kuna mahali pa kupeleka malalamiko. Jani likimdhuru mtu hakuna wa kumwendea ila aliyelitia, ndiyo maana aliyelitia hawezi kujificha nyuma ya mti.

Pingamizi zito kuliko yote ni la maskini. Utasemaje juu ya vipimo na maabara kwa mtu ambaye akikosa cha kulinda mahindi atayauza wiki ya mavuno, bei ikiwa chini kabisa, kisha ayanunue tena kwa gorogoro miezi michache baadaye kwa bei ya juu? Kwake jani ni sharti la kula. Nalikubali pingamizi hili karibu lote. Halibomoi hoja yangu. Linaonyesha tu kwamba deni la mlaji lina wadaiwa zaidi ya mmoja. Kampuni haitagharamia kulipima gugu ambalo kila mtu anaweza kulichuma bure, kwa maana haitarudisha hata senti. Anayebaki ni umma. Na hapa Kericho umma umekwisha kuonyesha kwamba ukitaka unaweza: taasisi ya utafiti wa chai iko Timbilil, wanasayansi wake wamelichunguza jani moja kwa miongo kadhaa, na chai inayokwenda Ulaya hupimwa mabaki ya dawa kwa viwango vya sehemu ndogo sana za milioni kwa sababu mnunuzi wa kule amedai. Mchuma chai anayerudi nyumbani kula ugali hajadai, wala hajui kwamba kuna cha kudai. Kituo cha utafiti wa wadudu cha ICIPE, alichokianzisha Profesa Thomas Odhiambo mwaka 1970, kilifanya kazi nzuri miaka ya 1990 juu ya jamii ya vivumbasi na juu ya kafuri iliyomo katika kimojawapo kinachobeba jina la Kilimanjaro, kikaonyesha kwamba zinawafukuza na kuwaua wadudu wa ghalani. Ujuzi huo ulitakiwa ushuke mpaka Soin ukiwa na kipimo, msimu wa kuchuma, na idadi ya miezi. Kumsifia mkulima mila yake ni rahisi kuliko kumpelekea hivyo vitatu.

Kabla wakati huo haujafika, mkulima afanye nini? Katika ghala lake, kwa chakula cha nyumba yake, akitumia jani la harufu ambalo watu wamezoea kulitia chunguni kama kiungo au kulinywa kama chai, simwoni mwenye kosa. Anayetia na anayekula ni walewale, wanaona wanachokifanya, na hatari ya njaa ni ya hakika kuliko ile ya kivumbasi. Lakini hata humo ndani kuna mlaji asiyeulizwa, naye ni mtoto, ambaye kwa kila kilo ya mwili wake hula zaidi ya baba yake. Kwa utupa na wenzake wanaojulikana kwa kuua samaki, ningesema wasiguse nafaka ya kula mpaka mtu aliyewapima aseme.

Gunia likishaondoka nyumbani mambo hubadilika kabisa. Mahindi ya Soin hupanda mlima. Huuzwa Sondu, huuzwa Kericho mjini, huishia katika nyumba za mstari za wachuma chai, mikononi mwa mtu asiyemjua aliyeyalima na asiyeweza kutofautisha vumbi la dawa na vumbi la magunzi. Mwanafalsafa Mjerumani Hans Jonas, katika kitabu chake cha 1979 juu ya wajibu, alisema kwa urefu kwamba maadili ya kale yalimfikiria jirani aliye karibu, na kwamba nguvu zetu mpya zinatudai tuwafikirie wasiokuwepo. Alikuwa akizungumzia teknolojia kubwa za kisasa, lakini naona ghala lilikuwa na mafunzo hayo zamani: kuhifadhi ni kumtendea mtu jambo kabla hajafika. Yusufu, katika Biblia na katika Kurani vilevile, hasifiwi kwa kuwa na ghala kubwa. Tajiri wa mfano wa Injili naye alipanga kujenga maghala makubwa zaidi, akaitwa mpumbavu. Yusufu alihifadhi kwa ajili ya midomo mingine, na alijua ghala litafunguliwa lini.

Kwa muuzaji, kwa hiyo, kusema ni sehemu ya kutibu mahindi. Katiba ya 2010, kifungu cha 46, inampa mnunuzi haki ya habari anazozihitaji ili anufaike na bidhaa, lakini hata bila Katiba mambo yangekuwa hivyo. Na kusema kwenyewe kuwe kwa lugha ya mlaji. Mwishoni mwa mwaka 1971 Iraki iligawa mbegu za ngano na shayiri zilizonunuliwa ng'ambo, zikiwa zimetiwa dawa ya zebaki na rangi nyekundu ya kutahadharisha. Maonyo ya magunia yaliandikwa Kihispania na Kiingereza. Watu wa vijijini, wenye njaa, waliosha rangi wakadhani wameosha sumu, wakaoka mikate. Zaidi ya 6,000 walilazwa na 459 walifia hospitalini. Dawa ile ilikuwa imejulikana jina, kipimo na hatari yake. Majibu yote matatu yalikuwapo, isipokuwa hayakumfikia mwenye maswali.

Wapo watakaosema mjadala umepitwa na wakati, maana magunia yasiyopitisha hewa yameingia. Nayasifu: wadudu huimaliza hewa iliyofungiwa nao na kufa, na hakuna kinachobaki kwenye punje cha kuulizwa. Anayeweza kuyanunua na ayanunue. Ila hayakaushi mahindi, na mahindi mabichi ndani ya plastiki ni mwaliko wa ukungu, hasa yanapofunguliwa na kufungwa kila wiki; dumuzi naye anao mdomo wa kutoboa plastiki. Hivyo hata mwenye gunia hilo ana hesabu yake, fupi kuliko ya wengine. Na wale wachache wanaouliza kama tuna haki ya kumuua fukusi hata kidogo, nawajibu kwa kifupi kwamba mtu aliyelima nafaka amekwisha kuchukua upande, na kwamba kafuri inayomfukuza mdudu aende zake ingewafaa wao kuliko gunia linalomkosesha pumzi, jambo ambalo sijawasikia wakilisema.

Imebaki mbegu. Nafaka ya kupanda haina mlaji, kwa hiyo ingeonekana kwamba hapo jani lolote linaruhusiwa, utupa ukiwemo, na ndivyo ninavyoamini kwa kanuni. Lakini Soin, kama kwingine, mbegu hutundikwa juu ya moto jikoni, na mvua za Machi zikichelewa huteremshwa zikapikwa. Anayetia utupa kwenye mbegu na azifunge mbali na chakula, aweke alama ambayo hata mtoto ataitambua, na amwambie kila mtu wa nyumba ile, kuanzia yule anayepika.